Mbuzi Aliyepeleka Boti Kusini

— Huyo mbuzi ni wangu! Nikikuambia ni wangu, ni wangu!

— Mbuzi nyeupe ziko ngapi Turkana hii, Setilaiti? Zote utaita zako?

— Wacha kuangalia rangi kama mtu wa Nairobi, Kaunsela. Angalia sikio!

— Sikio nimeona. Hiyo sikio yako ndiyo imefanya watu wazunguke kusini tangu asubuhi, na hakuna kitu.

— Ziwa si sufuria, bana. Wape muda.

— Muda gani? Wewe nyoka ikikuuma utataka muda?

Siku nyingine wazee hawa wawili wangeanza ugomvi na kikombe cha kwanza, waumalize na cha tatu, kisha waondoke wameshikana mabega. Kijiwe chao kilikuwa kibanda cha kahawa cha mama yake Akoru, pale Kanamkemer mjini Lodwar, ng'ambo ya stendi ya bodaboda, na benchi lao lilikaa nje chini ya turubai, mahali ambapo hapiti mtu bila kusemwa. Lakini siku hiyo upepo uling'oa turubai kabla ya saa tatu, vumbi likaingia kwenye vikombe, na benchi likahamishiwa ndani. Sasa walikuwa wamebanana goti kwa goti, mabati yakipigapiga juu ya vichwa vyao, na katikati, juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, ililazwa simu ya Akoru ikichajiwa. Hakuna aliyethubutu kuigusa. Hakuna aliyeweza kuacha kuitazama.

Setilaiti jina lake ni Ereng. Aliitwa hivyo kwa kuwa alidai anaiona Turkana nzima, kutoka Kainuk mpaka mpakani, bila kuinuka kwenye benchi. Kaunsela ni Lomorukai, aliyegombea kiti cha wadi mara tatu na kuanguka mara tatu, na bado anaongea kama mtu aliyeshika kipaza sauti. Wa tatu ni Mukendi, fundi wa simu kutoka Kongo, ambaye wote humwita Injinia. Alikaa pembeni na bisibisi nyuma ya sikio. Na aliyesimama kando ya jiko na birika mkononi ni Akoru mwenyewe, binti wa miaka kumi na saba. Tangu jana jioni alikuwa hajakaa chini hata mara moja. Aliyepotea ziwani alikuwa kaka yake.

Lokiru, huyo kaka, hakuwa mvuvi. Alikuwa mgonjwa wa kayaki, ile boti nyembamba ya watu wawili inayoendeshwa kwa kasia huku na huku, bila shughuli yoyote isipokuwa kuipenda. Miaka mitatu iliyopita yeye na rafiki yake wa Kakuma, Nyawech, walifungua kundi kwenye simu wakaliita Kasia Turkana. Walianza watu tisa. Sasa walikuwa elfu moja na mia sita: wapiga kasia wa Kisumu, wa Naivasha, wa nchi ambazo Akoru hakujua ziko upande gani wa dunia. Juzi asubuhi Lokiru aliondoka Kalokol, ufuoni mwa ziwa, na Sellah, mwalimu wa kuogelea kutoka Kitale. Walipanga kulala ufuoni usiku mmoja, kisha warudi. Akoru alipompigia kumuuliza wataelekea upande gani, alicheka tu. “Tukifika majini ndiyo tutajua,” alisema.

Jana saa kumi jioni ikaingia picha. Kayaki ya njano imelala kifudifudi juu ya mawe meusi, tumbo lake limetoboka. Nyuma yake kundi la mbuzi, na aliye karibu zaidi ni mweupe, amegeuza kichwa hata sikio la kushoto linaonekana vizuri: limekatwa pembeni mara mbili na kupasuliwa nchani. Baada ya picha ukafuata ujumbe wa sauti wa sekunde kumi na moja. Sekunde tisa zilikuwa za upepo. Mbili zilizobaki zilikuwa za Lokiru: “...nyoka... mguu wa Sellah...”

Basi. Tangu hapo simu yake ilikuwa imezimwa.

Lodwar hakuna anayehitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Mama alidandia lori la samaki lililokuwa linarudi Kalokol tupu, na kabla ya kupanda alimshika Akoru mkono. “Kule netiweki ni ya kubahatisha. Wewe kaa na simu.” Kwa hiyo Akoru akakaa na simu. Usiku huo Nyawech alimwingiza kundini Atiir, mkubwa wa waokoaji kule ziwani, na Atiir akaandika maneno machache: tuna boti moja, tuna gari moja, ufuo ni mrefu, tuambieni picha ni ya wapi.

Elfu moja na mia sita wakaanza kumwambia.

— Soma tena, Injinia alisema. Soma ile ya mutu wa Ulaya.

Akoru akainama juu ya kreti.

— Anasema amepima kivuli cha kayaki. Anasema picha ilipigwa saa tisa na dakika hamsini, na mpiga picha ana urefu wa futi tano na inchi kumi.

— Lokiru ni futi sita, Kaunsela alisema.

— Basi alikuwa amechuchumaa.

— Na yule wa Eldoret?

— Bado anasema hapo ni Naivasha. Kuna mwanamke wa Mombasa anauliza kama mbuzi mweupe anauzwa.

— Hauzwi! Ereng alifoka. Mwandikie, hauzwi!

— Na mama yake Sellah? aliuliza Injinia taratibu.

Akoru hakuhitaji kusoma. Mama yake Sellah, kutoka Kitale, alikuwa akiandika maneno yaleyale kila nusu saa, hayazidi, hayapungui. Kuna habari? Na kila nusu saa watu mia walimpelekea mikono iliyokunjwa ya maombi, na hakuna aliyempa habari.

Habari pekee iliyoonekana kuwa na miguu ilikuwa ya Ereng. Alikuja saa moja asubuhi kunywa kahawa, akaonyeshwa picha, akaruka kama aliyekalia kaa la moto. Lile sikio ni lake! Kila ukoo una mkato wake, na mkato huo wa nchani aliuongeza babu yake kwa mkono wake mwenyewe. Na mbuzi wa Ereng wako wapi? Kijiwe kizima kilijua, maana tangu kiangazi alikuwa akiwasimulia wenzake: aliwapeleka kusini, mbele ya Eliye, kuna majani kule, wamenenepa mpaka wanatembea kwa shida. Kwa kuwa yeye si mtu wa kuandika, alimwambia Akoru aandike kwa niaba yake.

Akoru aliandika jina. Akaandika sikio. Alipofika kwenye neno “kusini” kidole chake kikasita. Kule kisimani, miezi minne nyuma, alisikia wanawake wawili wakisema kwamba mbuzi wa Ereng hawakwenda malishoni, walikwenda kulipa kesi ya mwanawe. Walipomwona wakaanza kuongea habari za mitungi. Alikuwa hajamwambia mtu. Huenda yalikuwa maneno ya kisimani tu.

— Andika, msichana, Ereng alisema asubuhi ile. Mtu anakufa.

Akaandika. Nusu saa baadaye boti na gari vilielekea kusini, na kundi likalipuka. Mioyo myekundu mia nne, mia saba, elfu moja na ushee. Mtu wa Nairobi aliandika: Mzee wa Mbuzi ameokoa maisha. Mwingine akataka picha ya shujaa. Injinia alimpiga Ereng picha akiwa ameinua kikombe, kifua mbele, na hiyo nayo ikapata mioyo yake.

Hiyo ilikuwa asubuhi. Sasa ilikuwa saa sita.

— Mimi naongea wazi, Kaunsela alisema, akisogeza kofia nyuma. Upepo wa ziwa unatoka kusini, unasukuma kaskazini. Mtoto mdogo anajua. Boti ya plastiki itaendaje kusini?

— Ina makasia, Ereng alijibu. Ama umefikiri ni jani?

— Siku mbili kupigana na upepo? Kwa raha?

— Hao ndio raha yao! Mtu anaacha kiti nyumbani anaenda kukaa kwenye maji, wewe unatafuta akili ya wapi?

— Miye niseme? Injinia aliuliza.

— Usiseme, walijibu wote wawili.

— Nasema. Kile kisiwa ya katikati ya ziwa iko na moto chini. Si ndiyo? Moto inavuta maji. Maji inavuta boti. Kwetu Uvira nimeona na macho yangu mbili: pirogi, mtumbwi ya kwetu, ilizama asubuhi, kesho yake ikatokea yenyewe, na ndani samaki imeishaiva.

— Imeiva?

— Na chumvi.

Ereng alicheka mpaka akakohoa. Kaunsela hakucheka, aliona Injinia anakaribia kumpita.

— Hiyo moto haihusiki, alisema kwa sauti ya mkutanoni. Nyinyi mnasahau kitu kimoja. Kayaki ya njano. Kwa nini njano? Ili ionekane kutoka juu. Na nani yuko juu? Ndege za watu wa mafuta. Hao vijana wameona kitu huko ziwani hawakutakiwa kuona. Sasa hivi wako kwa hoteli, Nairobi, wanakula kuku, wanaambiwa wasiongee.

— Na nyoka?

— Nyoka ni lugha ya siri.

— Na mbuzi wangu?

— Mbuzi amewekwa.

— Nani ameweka mbuzi wangu, Kaunsela? Serikali?

— Sijataja serikali. Wewe ndio umetaja.

Akoru alimwaga kahawa iliyopoa na kumimina nyingine, ingawa hakuna aliyeomba. Mikono yake ilitaka kazi. Alifuta kreti. Akaifuta tena. Alihesabu saa toka jana saa kumi mpaka sasa: ishirini. Alikumbuka mchungaji mmoja wa Namoruputh aliyeletwa mjini baada ya siku moja na nusu, ameng'atwa kisigino, fizi zake zinatoka damu. Alijilazimisha kufikiria kitu kingine, na kitu kingine hakikuja.

— Ama hawajapotea, Kaunsela aliendelea, maana ukimya ulimtisha kuliko maneno. Kijana na msichana, wako peke yao, simu imezimwa. Mimi nimekuwa kijana. Hao wameoana.

Akoru aliweka birika chini kwa kishindo hata kahawa ikaruka kwenye simu.

— Mzee Lomorukai. Mama yake Sellah anasoma kila kitu kinachoandikwa humo.

— Sijaandika. Nimesema tu.

— Basi usiseme!

Wazee wakatazamana. Binti huyu hakuwahi kupandisha sauti kijiweni. Injinia alitoa kitambaa chake cha kazi akaifuta simu mwenyewe, polepole, kioo na kingo, na alipoirudisha kwenye kreti ikatetema.

Wote waliinama pamoja. Vichwa viligongana.

— Ni Atiir, Akoru alisema. Akasoma: “Boti imerudi Kalokol. Kusini yote hadi mbele ya Eliye hakuna. Gari limekwama mchangani huko huko. Petroli iliyobaki inatosha safari moja. Saa saba lazima niondoke, kwa sababu nikichelewa giza litanikuta majini. Nani ana hakika? Nataka mtu mmoja mwenye hakika, sitaki watu elfu.”

Ilikuwa saa sita na dakika kumi na nane.

Kundi likajaa hapo hapo. Simu haikutetema tena, ilikuwa inatambaa juu ya kreti kama mdudu. Kusini tena, hawakutafuta vizuri. Kisiwani. Ng'ambo, upande wa Marsabit. Mwamini Mzee wa Mbuzi. Mzee wa Mbuzi aseme. Mzee wa Mbuzi yuko wapi?

— Wanakuita, Akoru alimwambia Ereng.

Ereng alikuwa ameshika kikombe tupu kwa mikono miwili.

— Nimeshasema, alijibu. Mara ngapi mtu aseme?

— Mzee, na kama mbuzi...

— Kama mbuzi nini?

— Kama walihama?

— Mbuzi wangu hawahami bila mimi kujua. Leta kahawa, binti.

Akoru akaleta kahawa. Alijichukia alivyokuwa anaimimina, jinsi mkono wake ulivyotii kabla yeye hajaamua. Ereng alikuwa rika la marehemu baba yake. Ndiye aliyesimama kwenye kaburi akaongea. Ungemwambiaje mtu kama huyo, mbele ya wenzake, kwamba wanawake wa kisimani wanamjua kuliko benchi lake?

Kaunsela alivua akala zake.

— Unafanya nini? Ereng alimuuliza.

— Wazee wetu walikuwa wanarusha viatu, vinaonyesha njia.

— Wewe si shemasi?

— Mungu anaona ni dharura.

Akazirusha. Moja iligonga bati ikaanguka nyuma ya gunia la makaa. Nyingine ilizunguka sakafuni, ncha yake ikaelekea mlangoni, na Injinia, ambaye alikuwa ameshikilia pumzi, akauliza:

— Sasa hiyo ni wapi? Ni Uganda?

— Ni Uganda, Kaunsela alikiri. Nirushe tena.

— Ejok, sauti ilisalimu mlangoni.

Ilibidi aliyesimama pale ainame ili apite. Alikuwa mwanamke kijana, mrefu, vumbi la barabara limempaka kope, na kwapani amebana daftari lililofungwa kwa kamba ya kiatu. Aliiangalia ile akala iliyokuwa inamwelekea, akairuka.

— Ejok noi, walijibu kwa mkupuo.

— Mimi ni Nyawech. Nimetoka Kakuma na gari ya kwanza. Ilipasuka tairi, na askari wa barabarani wakaangalia kibali yangu ya kutoka kambi ya wakimbizi mara nne, ati ni ya siku moja, kwani narudi leo? Nikawaambia nikirudi bila Lokiru mtanijua. Akoru ni nani?

Akoru aliinua mkono. Walikuwa hawajawahi kuonana ila kwenye simu. Nyawech akamkumbatia mara moja, kwa nguvu, akamwachia.

— Na Mzee wa Mbuzi?

Kaunsela na Injinia walimwonyesha kwa videvu. Ereng akajinyoosha kidogo, akashika kola.

— Ni mimi, mwanangu. Karibu kahawa.

— Asante, Mzee wangu. Nitakunywa kesho. Nyawech alichuchumaa mbele yake, daftari juu ya magoti, akafungua kamba. Kurasa zilikuwa zimejaa mistari ya rula. Akoru alisoma vichwa vyake juu chini: nani, wapi, lini, kwa macho au kwa kusikia. — Tangu asubuhi nimeandika swali moja kwa grupu. Linazama. Mimi naandika, watu wanarusha mioyo, linazama tena. Nikasema kalas, yatosha, naenda mwenyewe. Nina watu thelathini na mmoja hapa waliosema wanajua mahali. Nimewauliza wote. Umebaki wewe.

— Uliza.

— Hao mbuzi wa kwa picha. Mara ya mwisho umewaona na macho yako ni lini?

Upepo ulipiga bati moja, likalia, likanyamaza.

— Chapa ni yangu, Ereng alisema.

— Sijauliza chapa, Mzee wangu. Ni lini?

— Kila mtu hapa anajua. Kaunsela, si unajua?

Kaunsela alifungua mdomo ule ambao haukuwahi kukosa maneno hata siku aliyopata kura arobaini. Akaufunga. Alikuwa amesikia habari za mbuzi hao kila siku kwa miezi minne, jinsi walivyonenepa, jinsi mmoja alivyozaa mapacha, na sasa aligundua kwamba kwa miezi yote hiyo hakuwahi kumwona Ereng akienda kusini, wala akirudi kutoka kusini, wala akila nyama. Alimtazama Injinia. Injinia alitazama bisibisi yake.

— Mwezi uliopita? Nyawech alisaidia. Pasaka? Krismasi?

Ereng alipuliza kahawa iliyokuwa imeshapoa.

— Mimi ni mtoto wa watu wa ng'ombe, Nyawech alisema, taratibu, kama anayembembeleza mgonjwa. Kwetu pia kuna alama. Lakini alama inabaki kwa mwili, na mnyama anaondoka. Anaondoka na mahari. Anaondoka na kesi. Ukikata sikio, umesema ni mali ya nani alipozaliwa. Hujasema analala wapi leo. Ndiyo maana nauliza.

Saa ya simu ilionyesha saa sita na dakika thelathini na tatu. Akoru aliona chini ya ujumbe mwingine wote maneno mawili yakijitokeza tena kutoka Kitale. Kuna habari?

Akaweka birika juu ya jiko. Alihakikisha limekaa sawa, kwa sababu alijua akishalitoa mkononi hatakuwa na mahali pa kujificha.

— Mzee, alisema. Walienda Nachukui?

Ereng aliinua macho. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa ya mtu aliyeshtuliwa usingizini.

— Nilisikia kisimani, Akoru aliendelea, na sasa maneno yalimtoka bila kukanyaga breki. Kwamba mwanao, Amuria, alimpa mimba binti wa watu wa Nachukui, na wazee wakakaa, na mbuzi wakaswagwa kiangazi kwenda kulipa. Sijui kama ni kweli. Nilisikia tu. Nilisikia kabla sijaandika kusini, na nikaandika.

— Nachukui ni kaskazini, Injinia alinong'ona. Ufuoni, kaskazini kabisa ya Kalokol.

— Huko upepo unaenda, Kaunsela alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakutaka kusifiwa.

— Basi mwandikie Atiir! Injinia alimwambia Nyawech. Haraka!

Kalamu ya Nyawech ilikuwa juu ya ukurasa, haijagusa.

— Siwezi.

— Unaweza! Dakika zinaisha!

— Nitaandika nini? Msichana amesikia kwa wanawake, wanawake wamesikia kwa nani? Asubuhi boti ilienda kwa maneno ambayo hakuna mtu aliuliza. Sasa Atiir ana petroli ya safari moja. Nikimpa Nachukui kwa kusikia, na iwe uongo wa kisimani, Sellah ataisha, na Lokiru ataisha akiwa amekaa naye. Nataka mtu aliyeona mbuzi wakiondoka. Nataka jina lake.

Wote walimtazama Ereng, kisha wote wakaacha kumtazama kwa pamoja, kama watu waliofungua mlango wakakuta mtu anavaa. Akoru peke yake hakugeuza macho. Alitaka kumchukia na hakupata nafasi. Aliona nywele zake za mvi zilizojaa vumbi, na vidole vyake vikifinya kikombe kile kile alichokiinua kwa picha asubuhi. Alikuwa ameanza na uongo mdogo wa kujifunika aibu mbele ya marafiki wawili, uongo usiomuumiza mtu, wa mbuzi wanono. Halafu watu elfu wakaupigia makofi.

— Mzee, alisema Akoru. Ni Lokiru.

Ereng aliweka kikombe kwenye kreti, kando ya simu. Akainuka. Magoti yake yalilia. Kaunsela alivuta miguu yake mitupu kumpisha, na Injinia akasogea, na wote walidhani anaondoka kwa hasira, maana ndivyo wazee wa kijiwe kile walivyoondoka wakishindwa: bila kuaga, na kurudi baada ya siku tatu kama hakuna lililotokea. Alipita kati yao bila kugusa bega la mtu. Upepo ukamkuta mlangoni, ukalijaza shati lake. Akashika fremu ya mlango kwa mkono mmoja. Aliwapa mgongo, akatazama stendi ya bodaboda ambako vijana walikuwa wamejifunika nyuso na hawamjali.

— Andika Nachukui, alisema. Niliwaswaga mimi mwenyewe. Andika ni Ereng amesema, na uandike alijua tangu asubuhi.